Sarafu Iliyong'atwa

Sarafu zilikuwa mbili, na zote zilionekana kama zimeng'atwa. Ya kwanza ilikosa kipande kikubwa pembeni, tao zuri kama la mwezi mwandamo. Ya pili ilikuwa na pengo dogo la ukubwa wa ukucha, na upande mmoja ukingo wake umefifia karibu kupotea. Nilizipata wiki moja, zote kwenye chenji. Ile ya pengo kubwa nikaifunga kwenye kitambaa laini. Ile nyingine nikaiona imechakaa tu, nikaitumia.

Ugonjwa huu wa kusaka sarafu zenye kasoro ulikuwa bado mpya kwangu. Nilikuwa nimesoma habari za senti ya Marekani ya 1955 ambayo maandishi yake yanaonekana mawili mawili, na ile sarafu yao ya senti tano ya 1937 ambayo nyati wake kabaki na miguu mitatu kwa sababu kalibu ya kupigia chapa ilisuguliwa kupita kiasi. Tangu hapo nikawa napekua chenji kama kuku jalalani.

Kulikuwa na mzee mmoja aliyekusanya sarafu zenye kasoro tangu kabla sijazaliwa. Nikampelekea yangu, na mizani ndogo mkononi ya kuthibitisha.

"Shikamoo, Mzee. Nimeipima. Imepungua uzito kabisa."

"Marahaba. Hata ukiikata kwa msumeno itapungua, mwanangu."

Akaiweka chini ya lenzi, lakini pengo hakulitazama. Aliigeuza akakagua upande wa pili. Nikadhani macho yamemchoka, nikamwonyesha kwa kidole.

"Pengo liko huku, Mzee."

"Nimeliona. Aliyelikata alitaka nilione."

Ndipo akanieleza, taratibu, huku akichora kwa kidole juu ya meza. Visahani vya sarafu hukatwa kwenye bamba refu la madini. Bamba lisiposogea vya kutosha, kikatio kinaangukia sehemu ya tundu lililokwisha kutobolewa, na kisahani kinatoka na pengo la tao. Kabla ya kupigwa chapa, kisahani hicho huviringishwa kwenye mtambo unaokibana huku na huku ili kuinua ukingo. Sasa, pengo likipita upande mmoja, upande unaolikabili unakosa wa kushindana naye. Haubanwi sawasawa, na ukingo wa hapo unatoka dhaifu. Wakusanyaji huiita athari ya Blakesley.

Ukingo wa sarafu yangu, mkabala na pengo, ulikuwa umenona kuliko mahali pengine popote.

"Hilo peke yake si hukumu," akasema. "Zipo za kweli zisizoionyesha vizuri. Lakini tazama herufi." Akanisogezea lenzi. Kwenye sarafu halali, madini hukimbilia pengo wakati wa kupigwa chapa, na herufi zilizo karibu huvutika au kufifia. Zangu zilikuwa zimekatika ghafla, kama ulimi wa mtu aliyefumaniwa. Na ndani ya lile tao nililolisifia wiki nzima kulikuwa na mikwaruzo iliyolala sambamba. Tupa. Mtu alikaa mahali na tupa yake, akalainisha kwa subira, kisha sijui kwa nini akaiachia iende zake.

Aibu haikunichoma sana; nilikuwa nimekwama kwenye neno moja, *dhaifu*. Ukingo dhaifu.

"Mzee, ilikuwepo nyingine."

"Ikoje?"

Nikamweleza: pengo la ukucha, upande wa pili umefifia, nilidhani ni uzee.

"Upande upi hasa?"

"Mkabala na pengo."

Akaweka lenzi chini. "Haya, ilete."

"Niliitumia juzi."

Alicheka mpaka akavua miwani, akafuta macho, akaivaa tena, akanitazama, akaanza upya.