Tufe Langu la Bouling Lilivyorudi Kukata Kona

Msimu uliopita wa ligi, hapa Minnesota, tufe langu lilianza kunigomea. Lilizoea kukata kona likikaribia pini, vile vigingi vya kuangusha. Sasa likawa linapita moja kwa moja, halina habari. Wenzangu wa timu wakasema nunua jingine. Kwa hela ipi?

Chanzo ni mafuta. Kutoka mstari wa kutupia hadi pini ya mbele ni futi 60, na karibu theluthi mbili za mwanzo hupakwa mafuta. Ganda la tufe langu ni la rezini, lina vinyweleo visivyoonekana kwa macho, navyo huyanyonya mpaka tufe linateleza tu badala ya kukata kona. Matufe ya plastiki ya kukodi ukumbini hayana shida hiyo, lakini hayakati kona ya maana.

Nikaziba matundu ya vidole kwa utepe usiopenya maji, nikalitumbukiza kwenye ndoo ya maji moto yenye sabuni kidogo ya vyombo. Maji yawe ya moto wa bomba, nyuzi 50 hivi za Selsiasi. Ukichemsha unalitafutia ufa. Mama watoto akachungulia: "Baba, leo unatupikia nini humo?" Baada ya dakika 20 utando wa mafuta ulikuwa umetanda juu ya maji, unameremeta rangi rangi. Nikalifuta, nikabadilisha maji, nikarudia mpaka utando ukakoma kutokea. Likalala kwenye taulo hadi asubuhi. Wapo wanaoliingiza kwenye ovena. Mimi hapana.

Kisha fundi wa duka la ukumbini akalipitisha msasa laini, namba 2000, na kona ikarudi.

Siku hizi sisubiri ndoo. Likirudi tu kwenye rafu huwa na pete nyembamba za mafuta zilizopishana, nami nazifuta kwa kitambaa cha maikrofaiba kabla ya kutupa tena. Kitambaa kiwe kikavu: tangu Agosti 2019, USBC, wasimamizi wa mchezo huu Marekani, hawaruhusu kusafisha tufe kwa dawa ya majimaji wakati wa mashindano. Mchezo ukiisha, tufe likiwa bado na joto, nalisugua kwa spiriti. Hizo dawa za chupa za bei mbaya nimewaachia wenye nazo.

Na halilali kwenye buti la gari. Baridi ya Januari huku inapasua ganda, kwa hiyo napanda nalo ghorofani, karibu kilo 7, hata siku lifti imekufa.