Kamera ya vichochoroni: kumbukumbu ya mradi wangu

Kaskazi, wiki ya kwanza

Mradi wenyewe ni mdogo: milango na mabaraza ya Mji Mkongwe, Kiponda na Hurumzi kwanza, kwa filamu nyeusi na nyeupe. Nimeanza na kamera iliyokuwapo nyumbani, Yashica Electro 35 GSN ya marehemu ami, aliyokuja nayo kutoka Maskati. Betri yake ya asili, ya zebaki, haipo tena madukani. Nimetia ya volti 6 na pengo lililobaki nikalijaza kwa springi. Inafanya kazi vizuri tu. Kinachonishinda ni ukuta.

Lenzi yake ni ya milimita 45. Kila nikisimama mbele ya mlango, mgongo unagota nyumba ya pili kabla kizingiti cha juu hakijaingia kwenye kioo cha kutazamia. Narudi nyumbani na nusu milango.

Siku tatu baadaye

Nimeazima futi ya fundi cherehani, nikaenda kupima alfajiri watu wasinicheke. (Wamecheka.) Kichochoro ninachokitaka zaidi kinaniruhusu kurudi nyuma mita 3, basi. Mlango, kuanzia ngazi ya chini hadi juu ya nakshi, ni mita 2.9.

Yaliyobaki ni hesabu ya darasani. Fremu ya filamu ya 35mm ina urefu wa milimita 36. Kamera ukiisimamisha wima kwa umbali wa mita 3, lenzi ya 45 inachukua mita 2.4, ya 40 inachukua 2.7, ya 35 inachukua karibu 3.1. Hivyo Canonet QL17 GIII, inayosifiwa kila pembe, imetoka: ni 40. Minolta Hi-Matic 7sII, 40 pia. Olympus 35 RC, 42. Konica Auto S3 ina lenzi ya 38 na nilikuwa nimeshaipenda kwa macho. Imekosa kwa sentimita sita. Imeniuma.

Mtu ataniuliza kwa nini nisichukue kamera yoyote yenye lenzi za kubadilisha nikamaliza maneno. Sitaki mkoba. Nataka kitu kimoja chenye lenzi moja. Na nataka renjifainda, ile yenye kidoa katikati ya kioo ambamo picha mbili hukutana zikawa moja ukishapata umbali sawa. Ndani ya kichochoro chenye giza, kidoa kile hunisaidia kuliko macho yangu. Kwa sababu hiyo Olympus XA4 nayo nimeiacha, ingawa lenzi yake ni pana zaidi, 28: umbali unaukadiria mwenyewe, na mimi kukadiria sijui.

Wiki ya tatu

Wamebaki wagombea watatu. Fuji GSW690 ni jitu: lenzi ya milimita 65 kwenye filamu pana ya 120, fremu ya sentimita 6 kwa 9, upana wake ni kama wa 28 kwenye filamu ya kawaida. Haitaki betri hata moja. Lakini ni picha 8 tu kwa roli, na ukiitoa mbele ya wazee wa baraza utadhani umekuja kupima kiwanja. Hapana.

Zimebaki Yashica Electro 35 CC, lenzi ya 35 yenye tundu la f/1.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga unaingia mwingi), na Olympus XA ya mwaka 1979, kazi ya Yoshihisa Maitani, lenzi ya 35 yenye f/2.8. Nimeagiza CC. Ile f/1.8 imenitia tamaa.

Masika yameanza

CC imefika, na ndani ya lenzi ina kuvu. Muuzaji aliandika kwamba kioo ni safi. Nimeacha shata (kipazia cha kupitishia mwanga) wazi, nikafungua mlango wa nyuma na kumulika tochi: nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, pembeni mwa kioo cha mbele. Muuzaji amerudisha nusu ya pesa, tumeachana kwa amani. Kwa unyevu wa kwetu, kuvu hiyo siithubutu kuilaza kabati moja na ya ami.

Hata hivyo niliipigia roli moja ya HP5, filamu yenye namba 400, na hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Kanuni ya zamani inasema jua likiwa kali weka f/16, na kasi ya shata iwe sawa na namba ya filamu, yaani wepesi wake wa kunasa mwanga. Kwa filamu ya 400 ni takriban 1/500 ya sekunde. Shata ya CC inaishia 1/250, na tundu lake dogo kabisa ni f/16. Saa sita mchana, kwenye ukuta mweupe wa chokaa, kamera imefika ukingoni na bado mwanga umezidi maradufu. Negativu zimetoka nzito, nakshi za juu zimekaribia kufutika. Nilinunua kamera ya usiku kwa mradi wa mchana.

XA inafika 1/500 na f/22. Namba hizo zilikuwa mbele yangu tangu mwanzo, macho yakakazania f/1.8.

Jua limerudi

XA imenifikia kwa mkono wa jamaa aliyekuwa safarini. Ni ndogo, inaingia mfuko wa kanzu. Unasukuma kifuniko, lenzi iko wazi, ukikirudisha, imelala. Betri ni zile vidonge, LR44 mbili, za saa na vikokotoo. Kidoa chake hafifu, nakiri, cha GSN kinaonekana vizuri zaidi. Kitufe chekundu cha kupigia ni chepesi mno: nimeshapiga picha mbili za kiatu changu. Pembe za picha zinafifia kidogo tundu likiwa wazi kabisa, lakini mimi nakaa f/5.6 hadi f/11, sihangaiki.

Kilichonifurahisha ni kijiti cha chini. Kichochoroni juu kuna ufito wa anga jeupe na chini kuna kivuli; kamera huona anga ikatia picha kiza. Ukikisukuma kijiti hicho, inaongeza mwanga hatua moja na nusu. Mlango unatoka na nakshi zake.

Roli ya kwanza nimeisafisha jana jikoni. Maji ya bomba yalikuwa nyuzi 29, dawa ya D-76 inataka 20, kwa hiyo bakuli la barafu na dua, dakika 7 na nusu. Kati ya 36, zilizofaa ni 21. Mlango wa mita 2.9 umeingia mzima, na juu imebaki nafasi ya kiganja.

Kuna mzee mmoja ambaye kila siku alikuwa akiitazama ile ya ami. Nilimwamkia, nikaomba ruhusa, nikapiga.

"Haya, piga basi."

"Nishapiga, mzee."

"Mbona haijalia?"

Nikapiga ya pili, akaitegea sikio. Ni hiyo ya pili niliyoichagua: kichwa kimeinama upande, mlango mzima nyuma yake. Kesho nampelekea nakala, kisha naanza Hurumzi.