Nilivyowalaza wakwe zangu msituni Pugu

Mgeni akija Dar es Salaam anapelekwa Kigamboni, akitoka huko Kariakoo, halafu anarudi kwao akisema jiji lenu ni joto na foleni tu. Mimi nilikataa. Wakwe zangu ni watu wa Moshi, wamekulia kwenye mlima na mifereji. Niliwapeleka Msitu wa Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe, tukalala hukohuko. Mama mkwe mpaka leo anawasimulia wenzake wa jumuiya.

Ushauri niliopewa kabla ya hapo unanikera hadi sasa. Kila mtu kazini aliniambia: kodi Noah na dereva, fikeni saa sita, pigeni picha, kuleni, rudini. Safari ya kwanza, mimi na wanangu, tulifanya hivyohivyo. Saa sita jua liko utosini na ndege wamenyamaza. Tulipofika kwenye mapango, yale machimbo ya zamani ya kaolini, ule udongo mweupe, mhifadhi akatuambia raha ya pale ni jioni, popo wanapotoka. Dereva akagoma: "Makubaliano ni saa kumi na moja niwe mjini, mama, foleni ya Gongo la Mboto haina huruma." Tukaondoka popo wakiwa bado wamelala, na hela ya hiyo Noah ingetulisha wiki nzima.

Kwa wakwe sikukodi kitu. Tulipanda daladala ya Kisarawe, mbele tukachukua bodaboda. Kiingilio kwa Mtanzania ni hela ndogo, unalipia serikalini kwa simu; ukilala na ukitaka mwongozaji inaongezeka, lakini haiumizi.

Hofu ilikuwa moto na mbu. Kuni za hifadhi si za kuokota, na mama mkwe hali chakula cha baridi. Wenzangu kazini wakaniambia ninunue jiko la gesi la kambi na madawa ya kupulizia. Nikaenda kwa wakuna nazi sokoni Tabata, nikaomba vifuu na makumbi. Walinipa kiroba kizima bure, wakafurahi kupunguziwa takataka. Shemeji aliona aibu kupanda nacho, na konda alikitoza nauli kama abiria. Lakini usiku, umande umelowesha kila kitu, vifuu vilishika kwa kiberiti kimoja, na vikatoa makaa makali ya kuivisha wali wa nazi na kuku. Makumbi niliyanyunyizia maji kidogo, nikayaweka upande upepo unakotoka. Moshi wake mzito ulifukuza mbu wote. Shemeji ndiye aliyekuwa akiuliza kama yamebaki mengine. Washeni pale tu mhifadhi anapowaonyesha.

Popo tuliwaona. Jua linazama, kwenye saa kumi na mbili na nusu, walianza wachache, kisha mdomo wa pango ukamwaga popo bila kukatika. Mama mkwe alinishika mkono: "Mwanangu, hawa wote walikuwa humu ndani?" Usiku tukasikia komba wakilia. Msitu huu una komba mdogo sana wa Rondo, asiyepatikana popote duniani isipokuwa misitu ya pwani ya Tanzania, na watu wa Dar hatumjui!

Asubuhi, kabla jua halijawa kali, ndiyo saa ya kutembea bondeni. Mwanangu hakuamini alipoambiwa mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima hivi. Yeye anaujua kwa mafuriko ya Jangwani tu.

Nendeni Juni hadi Septemba. Wakati wa masika udongo ule unateleza vibaya, na mzee akianguka kule bodaboda haifiki. Viatu vyenye meno, tochi kwa kila mtu, maji mengi kuliko mnavyodhani. Na kiroba cha vifuu mkiombe siku moja kabla, maana asubuhi wakuna nazi wanakuwa wameshavitupa.