Nilivyomhamisha binti yangu kutoka shule ya serikali kwenda shule ya serikali, bila mtu wa ndani

Kijiweni kwetu ukisema mwanao hasomi vizuri utapewa majibu mawili tu. La kwanza: mpeleke praiveti. La pili: tafuta mtu wa ndani. Nimeyasikia mpaka masikio yakaota sugu, na haya ninayoyaandika yana hasira kidogo, kwa sababu leo binti yangu anakaa kwenye darasa ambalo mwalimu anamwita kwa jina lake, shule ni ya serikali, ada hakuna, na mtu wa ndani hakuhusika. Aliyehusika ni muuza mihogo.

Mimi ni dereva wa bajaji hapa Mtwara mjini. Kata ninayokaa siitaji, maana walimu wa shule ya jirani ni abiria wangu na biashara sitaki iharibike. Tuseme tu kwamba mwaka 2024 binti alikuwa darasa la tatu, watoto zaidi ya mia kwenye chumba kimoja, wakati kiwango cha serikali yenyewe ni 45. Dawati la watatu walikaa watano, na wa pembeni alikuwa na zamu ya kuandika akiwa amesimama. Daftari lilirudi nyumbani na tiki nyekundu nzuri kabisa, hata nikafurahi, mpaka siku binti aliponiambia anayesahihisha ni kiranja. Walimu siwalaumu. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016 watoto wamekuja shuleni kwa wingi, jambo jema, lakini mtaa wetu umeongezeka watu haraka kuliko vyumba vya madarasa.

Ushauri wa kwanza ulitoka kwa mjomba wa mtoto, kaka yake mke wangu. Sisi Wamakonde neno la mjomba halirukwi, kwa hiyo nilikaa nikamsikiliza vizuri. Akasema tusubiri msimu, korosho zikiuzwa atampeleka praiveti yeye mwenyewe. Msimu ukafika, minada ikaanza Oktoba, fedha ikaingia, na mjomba akaezeka bati nyumba yake ya Newala. Bati zinang'aa hadi leo. Sina kinyongo, nyumba ilikuwa inavuja kweli.

Ushauri mwingine ulitoka kwa jirani aliyewahi kuishi Dar. Huyu alinipa somo refu kuhusu shule za serikali zinazofundisha kwa Kiingereza, kama Olympio na Diamond za Dar es Salaam na Arusha School ya kule Arusha. Zipo kweli, na wazazi huchangia fedha, si kama hizi zetu za kawaida. Lakini Olympio iko Upanga na mimi niko Mtwara, kilomita zaidi ya 500. Nikamuuliza mtoto atakwenda na basi la saa ngapi. Akanuna.

Sasa niwaeleze kuhusu mtu wa ndani.

Kijana mmoja wa kijiweni, msafi, shati limechomekewa, alisema anamfahamu "bwana mkubwa wa elimu" anayeweza kumwingiza mtoto upande wa Shangani. Kila mtu mjini anataka Shangani, sijui kwa sababu ya walimu au kwa sababu ya upepo wa bahari. Akataka elfu thelathini, "ya maji ya bwana mkubwa". Nikampa. Wiki ya kwanza bwana mkubwa yuko kwenye usimamizi wa mtihani wa darasa la saba. Sawa, ilikuwa Septemba, inaingia akilini. Baadaye akawa kwenye kikao Masasi. Baadaye akafiwa Tandahimba, tukatoa pole. Kisha akafiwa tena, Tandahimba ileile, nami nikaanza kuwahesabu ndugu zake. Mwishowe nikamwambia kijana, twende wote kwenye huo msiba, bajaji ninayo, mafuta juu yangu. Alicheka, akaenda kununua sigara, na sikumwona kijiweni karibu mwezi mzima. Aliporudi alikuja na simu mpya. Bwana mkubwa alikuja kujulikana: mlinzi wa zamani wa jengo fulani, ameshahamia Nachingwea kulima ufuta.

Elfu thelathini kwa bajaji ni siku nzima ya kupigwa jua, na bosi hujamlipa hesabu yake.

Aliyenifungua macho ni abiria. Mama mtu mzima, nilimchukua Mikindani kumpeleka hospitali ya Ligula. Njia ile ina muda wa kuongea, na mimi nikipata abiria mtulivu sinyamazi. Nilimsimulia kisa cha bwana mkubwa, akacheka mpaka akashika bomba la bajaji. Kumbe mwalimu mstaafu. Akaniambia:

"Mwanangu, nafasi ya shule ya serikali haiuzwi, inaombwa. Nenda kwa mwalimu mkuu wa kule unakotaka, muulize kama darasa la nne lina nafasi. Akisema ipo, aiandike. Hiyo karatasi ndiyo mtu wako wa ndani."

Halafu akanitisha: mtoto akishasajiliwa kwa upimaji wa darasa la nne, kuhama kunageuka kesi. Namba zimeshakwenda Baraza la Mitihani, kituo kimeshaandikwa, hakuna mwalimu mkuu anayetaka usumbufu huo. Kwa hiyo kama ni kuhama, ahame shule zikifungua Januari, si baada ya hapo. Nauli yake nilikataa kuipokea. Akaniwekea kwenye kiti akashuka.

Hapo ilibaki kujua shule gani. Na hapa ndipo watu wengi wanaposema "za serikali zote ni zilezile". Uongo mtupu! Mimi ninapita kwenye mageti ya shule za mji huu kila siku na nawaambia hazifanani hata kidogo.

Mke wangu ndiye mwenye akili ya takwimu nyumbani. Matokeo ya darasa la saba ya 2024 yalipotoka, alikaa na simu. Kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani kila shule ina ukurasa wake: waliofanya ni wangapi, wastani wa shule kati ya alama 300, wangapi A, wangapi B, wasichana mbali na wavulana mbali. Watu wote hukimbilia wastani. Yeye alifanya kitu ambacho sijamwona mtu mwingine akikifanya. Alichukua idadi ya waliofanya darasa la saba 2024, akarudi nyuma kutafuta idadi ya waliofanya upimaji wa darasa la nne 2021 shule ileile. Ni watoto walewale, hesabu yenyewe rahisi. Kuna shule moja inayosifiwa sana mjini, darasa la nne walikuwa kama tisini, darasa la saba wakafika kama sitini. Wastani mzuri! Lakini wale thelathini wako wapi? Wengine wamehama, wengine wamekariri, wengine wako sokoni wanabeba mizigo. Shule nyingine wastani wake wa kawaida tu, lakini walioanza ndio waliomaliza, pungufu wawili watatu. Mke wangu akaweka kidole hapo. "Hawa wanatunza watoto," akasema. Tukabaki na shule tatu za kwenda kuzitazama.

Kazi ya kutazama ilikuwa yangu, na humo najisifu waziwazi.

Ukienda shuleni ukiwa umevaa shati la kikao, unakaribishwa ofisini, unaoneshwa vikombe vya michezo. Mimi nilipaki bajaji nje ya geti saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko, nikajifanya nina pancha. Pancha ni kibali cha kukaa popote Tanzania hii. Nikavua tairi, nikalitazama, nikalirudisha, nikavua tena. Kwenye shule moja mlinzi alinihurumia akaja na spana yake, ikabidi nimwache alikaze tairi ambalo halikuwa na ubaya wowote.

Huku macho yako kwa wauzaji wa getini. Kila shule ina mama wa mihogo ya kukaanga na chachandu, pembeni kuna ubuyu, embe mbichi, msimu wa korosho na mabibo pia. Huyu mama ndiye anayejua shule. Nilinunua mihogo, nikauliza kama mtu anayepiga soga tu: "Mama, walimu wa hapa wanakulipa vizuri?"

Shule ya kwanza mama akabetua mdomo. Akasema walimu hajuani nao, wanashuka kwenye pikipiki, saa tano wengine wameshaondoka. Hamkopeshi hata mmoja.

Ya pili, hadithi karibu na hiyo.

Ya tatu mama alitoa daftari. Daftari la madeni, la kaunta, limekunjika kona zote. Kila mwalimu na ukurasa wake! "Huyu wa hesabu anachukua ya mia tano kila siku saa nne, mwisho wa mwezi analipa. Huyu wa darasa la kwanza alikuwa anaumwa wiki iliyopita, ona, hapa hakuna kitu. Huyu mwalimu mkuu hali mihogo, ana vidonda vya tumbo, lakini uji anachukua." Nikasimama pale na mafuta ya mihogo vidoleni, nikisoma mahudhurio ya walimu ya miezi miwili, safi kuliko rejista yoyote. Mwalimu wa hesabu hakukosa hata Ijumaa. Mzazi gani mwingine Mtwara amewahi kuoneshwa kitu kama hicho?

Nilirudi tena saa nane mchana kuhakikisha. Watoto walikuwa bado ndani, sauti ya kusoma kwa pamoja inasikika mpaka barabarani. Vyoo nilimtuma mke wangu, akaomba kujisaidia kama mpita njia. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Hakuhesabu matundu, ila alirudi akasema maji yapo na milango inafungwa. Kwa mwenye binti anayekua, usipuuze kitu hicho, kuna wasichana wanakosa shule kwa sababu ya mlango wa choo tu.

Mengine yalikwenda haraka. Mwalimu mkuu wa shule ile alisema darasa la nne ana nafasi, akaandika. Yule wa shule ya zamani alisaini huku akicheka, eti afadhali nimempunguzia mmoja. Barua, ofisi ya kata, ofisi ya elimu ya manispaa, mihuri, basi. Mahali pa kuwa mkali ni kwenye mfumo wa Prem, ule wa kompyuta unaotunza kumbukumbu za kila mwanafunzi wa msingi. Karatasi zote zilikuwa tayari lakini kwenye kompyuta binti alikuwa bado yuko shule ya zamani, kwa sababu shule inayomtoa lazima imwachie na inayompokea imkubali. Ningeondoka na mihuri yangu nikiwa nimeridhika, usajili wa darasa la nne ungemkuta hewani. Kaa hapo mpaka uoneshwe jina la mtoto na shule mpya kwa macho yako. Na namba yake ya Prem iandike nyuma ya kitambulisho chako, utaulizwa kila mlango.

Gharama? Kuhamia ni bure. Fotokopi vielfu, mafuta sikupiga hesabu. Sketi na shati havikubadilika, kilichobadilika ni sweta, elfu kumi na kitu. Sweta, Mtwara, mwezi wa kwanza! Analibeba kwenye begi, analivaa getini, analivua darasani.

Uhamisho huu ulipojulikana mtaani, shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, naye akaja na lake. Aliacha shule kidato cha pili kwa ujauzito. Tangu waraka wa serikali wa 2021 angeweza kurudi darasani baada ya kujifungua, lakini aliona haya kukaa na watoto aliowaacha. Tukampeleka Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Kule kidato cha kwanza na cha pili husomwa kwa mwaka mmoja, cha tatu na cha nne mwaka unaofuata, na mwisho ni mtihani uleule wa taifa wa kidato cha nne. Mtoto wake anabaki kwa bibi. Kijiweni walisema ile ni shule ya wazee wa kujifunza a, e, i, o, u. Waacheni waseme.

Binti yangu atamaliza 2027, na kundi lao ni lile litakalomaliza darasa la sita pamoja na wanaomaliza la saba, kwa sababu elimu ya msingi inapunguzwa kuwa miaka sita. Msongamano wa kuingia kidato cha kwanza utakuwa wa kutisha, mke wangu ameshaanza kutazama kurasa za sekondari.

Kuna gharama moja tu ambayo hakuna aliyenitajia. Shule mpya iko mbali, kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi namwendesha mwenyewe, na muda huohuo ndipo abiria wangu wa bandarini wanapotafuta bajaji. Nimeanza kuchukua na watoto wa majirani wawili waliohamia naye, wazazi wananilipa kwa wiki, wanapokumbuka. Bado hailingani na nauli za bandarini. Bosi ananiuliza kwa nini hesabu ya asubuhi imeshuka, nami namjibu ni mafuta yamepanda.