Hati Ndani ya Chombo cha Udongo

Neno la juma: Yeremia 32:6–27

Wapendwa katika Bwana, juma zima nimekaa na sura hii moja, na bado haijaniachia.

Ni mwaka wa 10 wa mfalme Sedekia. Jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu, na Yeremia amefungwa katika uwanda wa walinzi kwa kutabiri waziwazi kwamba mji utatekwa. Humo kifungoni anajiwa na binamu yake Hanameli: ninunulie shamba langu la Anathothi, kijiji cha kwenu, maana haki ya kulikomboa, yaani ya ndugu wa karibu kulinunua lisitoke katika ukoo, ni yako.

Mtazameni huyo mnunuzi. Shamba liko nje ya kuta, kwenye nchi iliyokwisha kukanyagwa na adui. Watu wa Anathothi ni walewale waliowahi kutaka kumwua (11:21). Tena Mungu alimkataza kuoa na kuzaa (16:2), hivyo hana hata mtoto wa kumrithisha. Lakini anapima shekeli 17 za fedha, anatia sahihi, anaita mashahidi, kisha anamwagiza Baruku, mwandishi wake, aziweke hati mbili, iliyotiwa muhuri na iliyo wazi, katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi. Hapunguzi hata hatua moja ya sheria.

Sehemu iliyonigusa zaidi ni inayofuata. Hati ikishakabidhiwa, Yeremia anaomba, na ombi lake si shwari. Anaanza na uumbaji, anapita Misri na ishara zake, halafu mwishoni linamtoka lililo moyoni: Bwana, umeniambia ninunue shamba, na mji wenyewe umetiwa mikononi mwa Wakaldayo, hao Wababeli! Tumezoea kudhani kwamba mwenye imani hana maswali. Yeremia alikuwa nayo, tena mazito, ila aliyauliza fedha ikiwa imeshatoka mkononi. Mimi, na nalisema hili kwa majuto, mara nyingi huanza na maswali, na jibu likikawia naona nimepata ruhusa ya kutotii.

Mungu hakumkemea. Alimjibu kwa swali: "Je! Kuna neno gumu lo lote nisiloliweza?" Wala hakuondoa majeshi. Mji ulichomwa moto, hekalu likateketea, na baadaye Yeremia akachukuliwa mpaka Misri pamoja na Baruku. Hakuna mahali Biblia inaposema alivuna chochote katika shamba lile. Inawezekana hakulikanyaga tena.

Sasa fungueni Ezra sura ya 2, ile orodha ndefu ya majina ambayo wengi wetu huiruka, nami nilikuwa mmoja wao. Ni hesabu ya waliorudi kutoka uhamishoni Babeli, ukoo kwa ukoo, mji kwa mji. Someni taratibu mpaka mstari wa 23. Watu wa Anathothi: 128.