Kumsoma Wallace ukiwa Tanga: tia bildi (pima kina cha bahari) kwanza

Wengi wanaoanza kumsoma Alfred Russel Wallace, Mwingereza mtaalamu wa viumbe wa zama za Darwin, hukimbilia Darwinism, kitabu chake cha 1889, kwa sababu ya jina lake. Anza na The Malay Archipelago cha 1869, safari ya miaka 8, 1854 hadi 1862, kwenye visiwa ambavyo vingi leo ni vya Indonesia. Kinachowachanganya wasomaji ni mpangilio: sura zinafuata makundi ya visiwa, hazifuati tarehe. Chora ramani kwenye karatasi, kila kisiwa ukiandikie mwaka wake, na usome nayo mkononi.

Ukifika Bali na Lombok, punguza mwendo. Mlango wa bahari ulio kati yake aliukadiria kuwa maili 15, lakini alipovuka tu, 1856, akakuta kasuku weupe wenye kishungi, jamaa wa wale wa Australia, ambao Bali hakuwaona. Jibu lipo kwenye kina. Bali imekaa kwenye maji mafupi yanayoiunganisha na Java, na mkondo wa Lombok ni mrefu kwenda chini.

Jambo hilo mtu wa Tanga analo mlangoni kwake. Unguja na Pemba hazipishani sana kwa umbali kutoka bara. Tia bildi sasa: kati ya Bagamoyo na Unguja kina ni makumi ya mita tu, na bahari iliposhuka mita 120 hivi enzi za barafu, watu na wanyama wangepita kwa miguu. Mkondo wa Pemba una mamia ya mita. Ndiyo maana Unguja ilikuwa na chui, Pemba haikuwa naye. Na Pemba ina ninga wake, bundi wake na popo wake mkubwa, wasiopatikana kwingine. Wote hao wana mabawa!

Baada ya hapo chukua Island Life cha 1880, anapovigawa visiwa kwa asili yake, na pima 100 za kina (mita 180 hivi) zikiwa kipimo chake kikubwa. Sura ya Madagaska isome kwa tahadhari: aliamini mabara hayajawahi kuhama.

Na ukienda msitu wa Ngezi, Pemba, ukamwona kima punju, usidhani nadharia imevunjika. Aliletwa na watu kutoka Unguja, miaka ya 1970.