Kutoka Tukuyu na Daftari la Mvua

Niliondoka Tukuyu alfajiri moja ya mwezi Oktoba, ukungu ukiwa bado umeyafunika mashamba ya chai, nikiwa na begi la nguo, kompyuta niliyoinunua kwa akiba ya miaka miwili, na daftari gumu lenye vipimo vya mvua ambavyo wanafunzi wangu walivisoma kila siku saa tatu asubuhi katika shule ya sekondari niliyofundisha hisabati. Nilikuwa nimekubaliwa kusoma shahada ya uzamili ya sayansi ya data Dar es Salaam. Mama alitaka daftari libaki nyumbani ili lisipotee. Nilimwomba aniruhusu kwenda nalo, kwa kuwa ndilo lililonifanya niombe nafasi ile.

Uyole nilipanda basi kubwa, nikafungua kompyuta. Miezi kadhaa kabla ya safari nilikuwa nimejifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, usiku baada ya kusahihisha kazi za wanafunzi, na mchoro wa kwanza niliouchora kwa namba zetu ulikuwa na jambo lililonisumbua: Desemba ilionekana kuwa na mvua haba kuliko Novemba. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mtu yeyote aliyekulia Rungwe, wilaya yetu, anajua kwamba Desemba si mwezi wa ukame. Nililiweka daftari kando ya kompyuta na kulinganisha ukurasa mmoja baada ya mwingine. Tulipokuwa tukiteremka kuelekea bonde la Usangu nikaliona kosa, na lilikuwa langu. Shule hufungwa Desemba, hivyo hakukuwa na mtu wa kusoma kipimo, na daftarini nafasi zile zilikuwa wazi. Mimi, nilipokuwa nikinakili, nilizijaza sifuri ili safu isiwe na matundu.

Igurusi aliingia mzee mmoja mkulima wa mpunga, akakaa karibu nami. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akauliza ninakwenda kusomea nini. Nilimweleza kwa kadiri nilivyoweza, nikamwonyesha zile sifuri. Alitazama kwa muda mrefu.

"Mwanangu," alisema, "maji yasipofika kwenye jaruba langu, huwa sijui kama mvua haikunyesha huko milimani au kuna mtu ameyafunga kwenye mfereji. Jaruba ni kavu vilevile, lakini la kwanza namlilia Mungu, la pili nakwenda kwenye kikao cha wenye mfereji."

Aliteremka Makambako kwenye upepo mkali, nami nikaendelea kuyafikiria maneno yake kupita misitu ya misonobari ya Mafinga, kupita Iringa, hadi basi lilipoanza kushuka Kitonga kwa mwendo wa taratibu, malori yakiwa yamepangana mbele yetu. Ruaha Mbuyuni joto lilitupokea pamoja na wauza vitunguu. Pale tulikutana na mto Ruaha Mkuu, ambao sehemu ya maji yake hutoka katika milima ya Uporoto na kupita Usangu na Mtera kabla ya kufika hapo. Nilikumbuka kwamba hata nje ya likizo zilikuwepo siku zisizosomwa: mwanafunzi wa zamu alishindwa kuvuka kijito kwa sababu mvua ilikuwa kubwa mno. Kesho yake tulisoma maji ya siku mbili tukayaandika kama ya siku moja. Pengo hilo lilisababishwa na mvua yenyewe, na hesabu yangu ilikuwa imelisoma kama ukame.

Masomo yalikuwa magumu. Wenzangu waliotoka kwenye sayansi ya kompyuta waliandika programu kwa kasi ambayo sikuwa nayo, na aljebra ya matriki ilinilazimu kuirudia tangu mwanzo. Lakini katika mhadhara kuhusu data inayokosekana nilisikiliza kuliko nilivyowahi kusikiliza darasani. Mwaka 1976 mwanatakwimu Mmarekani Donald Rubin alionyesha kwamba kabla ya kupuuza pengo katika data ni lazima kuuliza limetokeaje: ni bahati tu, linaelezwa na jambo jingine tulilolipima, au linatokana na thamani ileile ambayo haikuandikwa. Kijito chetu kilikuwa cha aina hiyo ya tatu, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu namba zilizopo haziwezi peke yake kukuambia yaliyopotea.

Usiku ule nilifuta sifuri zangu zote za Desemba. Kisha nilimpigia simu mzee mlinzi wa shule, ambaye huwepo likizo nzima, nikamwomba atusomee kipimo, na siku atakayoshindwa asiandike chochote. Katikati ya Desemba, baada ya siku tisa za vipimo mfululizo, nilipata ujumbe wake: "Mwalimu, jana niliumwa, sikusoma. Nimeacha wazi. Maji ya leo ni ya siku mbili, nimeandika hivyo pembeni."